Mawe Mawili ya Mjomba Bartholomeo

Mjomba wangu Bartholomeo ameendesha malori miaka thelathini na moja kwenye barabara ya Mgeta, na kama kuna mtu aliyewahi kunichosha roho hapa duniani ni yeye. Nasema hivyo nikiwa nampenda. Lakini ukiwa mfanyabiashara wa mboga, una matenga kumi na manne ya nyanya kwenye Fuso, jua linapanda, halafu dereva wako anazunguka gari mara ya pili akigonga tairi moja moja kwa rungu lake na kutega sikio, mapenzi hayo hupungua kidogo.

"Mjomba, tairi ni zilezile za jana," nilikuwa nikimwambia.

"Jana ilikuwa jana, Judi," ananijibu bila kugeuka.

Na hapo bado hajaingia garini. Akiingia, anajaribu breki mara tatu pale penye tambarare mbele ya kanisa kabla ya kuukabili mteremko. Simu yake anamkabidhi utingo wake, Rogers, mtu mzima mwenye watoto watano, na ikilia Rogers anapokea na kusema, "Yuko kazini, piga baadaye." Honi anapiga kila kona, hata ile ambayo unaona mpaka ng'ambo. Hataki mtu apande juu ya mzigo, wakati wenzake wanashuka na watu wamekaa juu ya kabichi kama wako barazani. Wenzake hao huliacha gari huru bila gia likashuke lenyewe ili waokoe mafuta. Yeye anashuka kwa gia ileile ambayo angepandia, injini inalia njia nzima, na ukimlalamikia anakwambia gari lisilo na gia halina mwenyewe.

Watu wa sokoni Nyandira walimpa jina la Kesho, kwa sababu mzigo ukimpa yeye utafika kesho. Alilipenda. Nilimsikia siku moja akimjibu mtani wake mmoja kwamba hata yeye mtani anaitafuta hiyo hiyo kesho, ila anakimbilia njia ya makaburini. Tulicheka sana. Ujana wake alikuwa utingo wa dereva mmoja ambaye breki zilimkatikia hapo juu ya Mlali. Mjomba aliruka. Wanne hawakuruka. Kuhusu siku hiyo hajawahi kunisimulia zaidi ya maneno hayo, na mimi sikuwahi kuuliza, maana kila nikimwona nilikuwa na haraka.

Jambo lililonikera kuliko yote lilikuwa vituo vyake. Kati ya Mgeta na Mlali alikuwa na mahali patatu pa kusimama ili breki zipoe, na alisimama hapo mvua inyeshe au jua liwake, awe na mzigo mzito au mwepesi. Robo saa kila mahali. Katika kila kituo alikuwa na mawe mawili aliyoyaokota mwenyewe miaka mingi iliyopita, ameyaegemeza kwenye ukingo wa mlima. Gari likisimama, mawe yanawekwa mbele ya tairi za mbele. Muda ukiisha, gari linarudi nyuma kidogo, mawe yanatolewa na kurudishwa ukingoni pale pale yalipokuwa. Aliyeyaweka ndiye anayeyatoa, kisha anapaza sauti, "Yako kwao." Bila kusikia neno hilo mjomba haondoi gari.

Anayeijua barabara yetu ataelewa kwa nini. Milima ya Uluguru ina mawe ya kutosha, lakini mengi yaliyomo barabarani hayakuletwa na mvua. Lori linakorofisha kwenye mlima, utingo anaruka na kusukumia jiwe chini ya tairi, fundi anahangaika, gari linapona, watu wanashangilia na kuondoka. Jiwe linabaki. Nimezaliwa nikiyaona. Tunayakwepa, tunamtukana tusiyemjua, tunaendelea na safari. Hakuna anayesimama kulitoa, kwa sababu kila mtu anajua si lake. Mjomba peke yake ndiye niliyemwona akisimamisha Fuso zima lenye mzigo ili ashuke akatupe jiwe la mtu mwingine.

"Jiwe likiwa chini ya tairi ni mlinzi," alikuwa akisema. "Likibaki barabarani ni jambazi."

Nilikuwa nikimwitikia "sawa mjomba" huku nikitazama saa.

Sasa niseme ya Alhamisi ile. Naisimulia mara nyingi, na kila nikifika hapa mwili unanisisimka upya, kana kwamba ni mtu mwingine aliyefanya na mimi naambiwa kwa mara ya kwanza.

Rogers hakuwepo, alikuwa msibani ukweni. Mjomba alitaka kuahirisha safari, nikamwambia nyanya zangu zimeiva na hazijui msiba. Nikasema mimi mwenyewe nitaweka mawe, kwani ni kazi ya chuo kikuu? Alinitazama, akacheka kidogo, akakubali. Tukaondoka sisi wawili.

Kituo cha kwanza niliyaweka na kuyatoa vizuri. Cha pili pia. Wakati huo tajiri wa Dar aliyenunua nyanya zangu alikuwa ameshanipigia mara mbili. Lori lake lilikuwa linapakia mjini Morogoro, saa tano kamili linaondoka, na nisipofika atachukua za mwenzangu. Tulifika kituo cha tatu, kile cha juu ya Mlali penye kona kali, saa tatu kasoro dakika tano. Nikaweka mawe. Nikakaa kwenye majani nikihesabu dakika na kunung'unika kwa sauti ili dereva asikie. Breki hazikuwa zikinuka hata kidogo, nikamwambia. Akasema, ndiyo, na tunataka zibaki hivyo.

Saa tatu na dakika kumi akawasha injini, akarudisha gari nyuma kidogo. Nililichukua jiwe la kushoto, nikaliweka ukingoni. Nikazunguka upande wa kulia, ule wa katikati ya barabara. Simu ikalia. Ni yeye, yule tajiri. Nikaipokea kwa mkono mmoja, na kwa mguu nikalisukuma jiwe la pili mpaka likatoka mbele ya tairi. Lilibiringika hatua moja hivi, likatulia katikati mbele ya bampa, mahali ambapo aliye kibini haoni. Nikaendelea kuongea. "Niko Mlali hapa bosi, nimefika," nilimdanganya, huku nikizunguka kurudi mlangoni kwangu.

Mjomba alichungulia dirishani. Zamani angeshuka akatazame mwenyewe, lakini mwaka huo goti lilikuwa linamsumbua, kushuka na kupanda kibini kulimtesa.

"Yako kwao?" akauliza.

"Yako kwao, mjomba. Twende."

"Yote mawili?"

"Jamani mjomba! Yote."

Tukaondoka.

Mjini tulifika zikiwa zimebaki dakika kumi. Nyanya zilichukuliwa zote, hakuna tenga lililokataliwa, na nilimtania mjomba kwamba leo Kesho amefika leo. Alitabasamu tu. Kama kawaida yake hakukubali kugeuza siku hiyo hiyo, kwani dereva aliyechoka kwake ni sawa na mlevi. Tukalala kwa ndugu zetu.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kunywa chai kwa mama mmoja anayeuza karibu na soko. Wanawake wawili pale walikuwa wanazungumzia ajali ya bodaboda barabara ya Mgeta. Dereva amevunjika bega, abiria wake amekufa. Mimi nina mdomo. Sikuulizwa, nikadakia.

"Hawa bodaboda wanajiona wana roho mbili," nilisema. "Wafungwe wote, labda watapungua."

"Huyu anasema alikuta jiwe," mwenye chai akasema. "Jiwe katikati ya barabara, anashuka, anamaliza kona, hili hapa."

"Wote husema hivyo. Kona gani hiyo?"

"Ile ya juu ya Mlali. Jana saa nne kasoro."

Chai ilinibaki mdomoni. Sikuimeza wala sikuitema. Nilimtazama yule mama akifuta meza, akaifuta mpaka mwisho, na mimi bado nilikuwa na chai ile ile mdomoni. Nilishtuka jinsi ambavyo sijawahi kushtuka maishani, na nimezika baba. Sikulia. Kichwani lilikuwepo jambo moja tu, ule mguu wangu wenye ndala ya bluu ukisukuma.

"Abiria ni nani?" nikauliza baadaye.

"Mwalimu. Mwalimu Shadia wa huko huko kwenu."

Mwalimu Shadia alikuwa anamfundisha binti yangu Witness darasa la tatu. Alitoka Kilosa, alikuja kwetu na sanduku moja na jiko la gesi, na mwezi wa kwanza tulimcheka jinsi alivyokuwa akipanda njia zetu kwa mikono na miguu. Mwezi wa tatu alikuwa anasalimia wazee kwa Kiluguru. Karoti alinunua kwangu kila Jumapili na hakuwahi kuniomba nipunguze bei. Umri wake miaka ishirini na sita. Alhamisi ile alikuwa anateremka mjini kwa shughuli zake za kazi. Alikuwa nyuma yetu nusu saa.

Dereva wa bodaboda ni Gervas, jirani yetu, mume wa mtu na baba wa watoto wawili. Zamani alikuwa anakimbia kweli, hilo siwezi kulificha. Lakini tangu apate mtoto wa pili alikuwa ametulia, na akina mama wengi walimchagua yeye. Kosa lake siku ile lilikuwa moja: kofia ngumu alikuwa nayo yake tu, ya abiria hakuwa nayo. Waliofika kwanza kuwasaidia walilisukumia jiwe mtaroni ili magari yapite, wakawapakia majeruhi, wakaondoka. Polisi walipofika hawakukuta jiwe. Walikuta pikipiki, damu, na kijana mwenye sifa ya zamani ya mwendo. Kwa hiyo Gervas alipotoka kufungwa bega hospitalini alipelekwa kituoni, kwa kosa la kuendesha kwa uzembe na kusababisha kifo. Jiwe lake hakuna aliyeliamini.

Nilimkuta mjomba anagonga tairi. Alikuwa ameshasikia. Tukaingia garini, tukaanza safari ya kurudi.

Wakati wa kupanda mjomba hasimami kwenye vituo vyake. Siku hiyo alisimama kile cha juu ya Mlali. Akavuta hendibreki, akashuka polepole na goti lake. Mimi nikabaki kwenye kiti, namwona kwa kioo cha pembeni. Barabarani palikuwa na vipande vya taa ya pikipiki. Alikwenda ukingoni, akaliona jiwe la kwanza mahali pake. Akatafuta la pili. Aliinama kwenye mtaro wa upande wa pili, chini kidogo ya kona, akalitazama muda mrefu. Mawe yale alikuwa anayajua kama mtu anavyoyajua masufuria ya nyumbani kwake. Akalibeba, akalirudisha pembeni ya mwenzake, akajifuta mikono.

Aliporudi hakuwasha gari.

"Judi," alisema. "Jana mawe yote mawili uliyarudisha?"

Mungu anajua nilitaka kusema kweli. Neno lilikuja mpaka kwenye meno. Lakini nilimwona mwalimu Shadia, nikaiona sare ya polisi, nikamwona Witness, na kinywa changu kikajiendea chenyewe.

"Niliyarudisha, mjomba."

"Haya," akasema, akawasha gari.

Hakunitazama. Nikashukuru kwamba ameniamini. Hilo nalo linanishangaza mpaka leo, kwamba nilishukuru.

Jumamosi walimu waliusindikiza mwili Kilosa. Nyumbani kila mtu alikuwa anamsema Gervas. Waliokuwa wakipanda pikipiki yake juzijuzi tu walikumbuka jinsi alivyokuwa akikata kona. Mmoja alisema alimwona akinywa, ingawa Gervas hanywi. Mkewe alipita kwenye njia ya kisimani na ndoo, watu wakanyamaza mpaka akapita. Mimi nilikuwa mmoja wa walionyamaza. Ningeweza kusema neno moja tu na wote wangegeuka. Usiku Witness aliniuliza nani atawafundisha hesabu Jumatatu, nikamwambia alale.

Jumapili tulikwenda misa. Padre alimwombea marehemu, ingawa alikuwa Mwislamu, akawaombea madereva wote. Wakati wa komunyo watu walijipanga. Mjomba Bartholomeo, ambaye sijawahi kumwona akikosa, alibaki kwenye benchi lake ameshika kofia magotini. Alibaki pale, na mimi nilikwenda. Nilijipanga, nikafungua kinywa kile kile, nikapokea.

Jumatatu asubuhi sikusikia honi. Siku ya kupakia, mjomba hupiga honi moja akifika juu ya shamba letu. Nilingoja, nikaenda kwa mama. Mama ni dada mkubwa wa mjomba, naye ni mwanamke asiyekaa bila kazi, lakini nilimkuta amekaa jikoni mikono mitupu.

"Shikamoo mama. Mjomba yuko wapi?"

"Marahaba. Ameteremka kwa miguu tangu alfajiri. Amevaa koti la misa." Akanitazama. "Amekwenda polisi. Anasema jiwe lililomuua mwalimu ni lake, alilisahau yeye."

Nilikaa chini kwenye majivu.

"Amesema alilisahau yeye?"

"Ndivyo alivyoniambia. Nikamuuliza, si Judi ndiye aliyekuwa utingo siku ile? Akasema utingo hana leseni, mwenye leseni ni dereva. Kisha akasema, dada, wewe umenizalia watoto wa ukoo, mimi kazi yangu ni nini?"

Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye anayejibu. Kaka yangu alipochoma shamba la watu kwa moto wa kuandaa shamba lake, si baba aliyekwenda kukaa chini mbele ya mwenye shamba. Alikwenda mjomba. Nilipoolewa, nilipoachika, alisimama yeye. Jambo hilo tunalijua tangu tukiwa watoto, tunalizoea, na mtu akilizoea sana anafika mahali anavunja vitu akijua yupo wa kuviokota. Alikuwa anajua tangu Ijumaa. Alisema "haya" akiwa anajua, akanipa siku tatu za kusema mwenyewe, na siku tatu nzima nilizitumia kunyamaza.

"Na wewe unajua," nilimwambia mama.

"Mimi nimekuzaa," alisema. "Sihitaji kuambiwa."

Nilichukua bodaboda ya kwanza niliyoiona. Nilimuuliza kijana kama ana kofia ya pili, akasema hapana, nikashuka nikachukua nyingine. Tulipofika ile kona ya juu ya Mlali nilifumba macho, kisha nikajilazimisha kufumbua. Mawe mawili yalikuwa ukingoni, yameegemezwa vizuri. Barabara ilikuwa safi.

Kituoni Mlali palikuwa na benchi nje, chini ya bati. Mjomba alikuwa amekaa hapo na koti lake la misa, viatu vina vumbi mpaka kwenye vifundo. Ndani, kwenye kaunta, askari mwanamke alikuwa anaandika. Gervas alikuwa ametolewa ili asikilize maelezo mapya, amesimama pembeni, mkono umefungwa kifuani kwa kitambaa, uso umechubuka upande mmoja. Alikuwa amekonda kwa siku nne tu.

"Rudi nyumbani, Judi," mjomba aliniambia kwa sauti ya chini. "Nimeshamaliza."

"Hujamaliza, mjomba."

Alisimama akanishika mkono wa gauni, jambo ambalo hajawahi kunifanyia tangu niwe mtu mzima. "Una mtoto mdogo. Mimi nina miaka hamsini na tisa na goti bovu, leseni nilikuwa naiacha hata hivyo. Na kosa ni langu. Niliuliza wakati nilitakiwa kushuka nikatazame. Miaka thelathini na moja nilishuka, siku hiyo sikushuka."

Hapo nililia. Tangu Ijumaa sikuwa nimelia. Nilimwona mtu huyu ambaye nilimcheka kwa kugonga tairi, ambaye nilimnung'unikia kila robo saa ya maisha yake, anatafuta sehemu yake ya kosa kwa bidii ili langu lisionekane. Nikautoa mkono wake taratibu, nikaingia ndani.

Askari aliinua kichwa. "Na wewe mama nani?"

Kabla sijajibu Gervas aliniona. Uso wake ulifunguka.

"Dada Judith!" alisema. "Afande, huyu alikuwa kwenye lori lile. Mzigo ulikuwa wake." Akanigeukia. "Dada yangu, nisaidie kusema. Mzee wako amesema lakini wanadhani ananihurumia tu. Kila mtu anasema nilikuwa nakimbia. Nilikuwa sikimbii, dada. Mwalimu alikuwa ananisimulia mambo ya mama yake, nilikuwa nakwenda polepole ili nimsikie. Waambie jiwe lilikuwepo."

Askari aliweka kalamu chini, akanitazama. Mjomba alikuwa amesimama mlangoni. Nilikuwa na maneno mengi niliyoyapanga njiani, kuhusu tajiri wa Dar, kuhusu msiba wa ukweni kwa Rogers, kuhusu simu. Yote yalinitoka kichwani.

"Lilikuwepo," nilisema. "Nililiacha mimi. Nililitoa kwenye tairi kwa mguu, nikamwambia mjomba limerudi mahali pake, na halikurudi. Ijumaa aliniuliza tena, nikamdanganya tena. Yeye hakusahau kitu."

Askari alivuta karatasi nyingine, akaandika tarehe juu, akaniuliza majina yangu matatu. Niliyataja. Mjomba alikaa chini pale pale kizingitini, akavua kofia.

Gervas hakufurahi. Nilidhani atafurahi, au atanitukana, na nilikuwa tayari kwa yote mawili. Alinitazama tu, kama mtu aliyeletewa habari ya ajali kwa mara ya pili.

"Lilikuwa zito sana?" aliniuliza.

Mikono yangu yote miwili ilikuwa juu ya kaunta. Niliitazama.

"Hapana," nilisema. "Lilikuwa linabebeka."